Kadi ya Boma la Kemuma

Chuo Kikuu, Nairobi
3 Machi 1974

Nyanya Kemuma,

Salamu kwako na kwa mama yangu Gesare. Mimi ni mzima, ila baridi tu. Utafiti wangu umekwisha. Zile habari nilizokusanya huko Marani wakati wa likizo zimeingia kwenye kompyuta, kila boma na kadi yake. Wengine huficha kadi za watu. Mimi nasema mwenye habari azione mwenyewe. Maprofesa wamenisifu sana! Nakala zenu nimemtumia babu Machogu awagawie. Najua ni mambo mazito kwa watu wa ndizi na kuku, lakini mtazoea.

Mjukuu wako,
Ombati

Marani
20 Machi 1974

Mjukuu wangu Ombati,

Miguu inaniuma, mama yako mzima, ng'ombe wazima. Mgonjwa ni wewe. Naandika Kiswahili ili hao maprofesa wako nao wasome.

Shemeji yangu Machogu amesimama sokoni na kadi yangu, akaisoma kwa sauti: "Kemuma, mjane, hana mwana wala mjukuu wa kiume. Gesare, mkazi." Mkazi! Kama panya! Sikujaliwa mwana, nikatoa ng'ombe, nikamwoa Gesare kwa jina la mwana ambaye sikumzaa, ili boma la marehemu babu yako lisizimike. Ukazaliwa wewe. Marani nzima inajua, isipokuwa wewe uliyemnyonya huyo mkazi? Mwacha mila ni mtumwa, na wewe hata kwa utumwa hufai.

Wapima mashamba wanakuja mwezi wa tano. Machogu anasema sina mrithi, kwa hiyo shamba ni lake. Njoo uiambie kamati ya mashamba kwamba ulikosea.

Nyanya yako

Nairobi
11 Aprili 1974

Nyanya,

Pole na miguu. Sikukosea. Kadi inauliza mume wa mama ni nani. Ningeandika nini, mtu ambaye hakuzaliwa? Wangenicheka. Mwanamke kuoa mwanamke ni mambo ya ushamba, nami nina jina la kulinda hapa. Nikiikana kadi yangu, digrii itakwenda na maji. Machogu ni kelele tu. Shamba ni la nani kama si langu? Nitakuja Desemba.

Mjukuu wako,
Ombati

Marani
2 Juni 1974

Ombati,

Hatujambo. Kamati ilikaa. Machogu akainua kadi, wazee wakaniuliza kijana wako yuko wapi aikane. Nilitazama barabara mpaka nikachoka.

Nikasema, kadi ni kweli, sina mjukuu wa kiume. Machogu akacheka meno yote nje. Nikasema, lakini mke ninaye, na waliowaswaga ng'ombe wa mahari yake wamekaa hapa. Mzee Ratemo akasema, "Mimi mmoja wao." Basi shamba limeandikwa jina la Gesare, na baada yake dada yako Bochaberi, anayelilima. Machogu hakuaga mtu.

Mama yako amelia, ameniomba nikusamehe. Nimekusamehe. Shamba sikupi. Desemba njoo tu, wageni tunawapikia.

Kemuma