Breki Alizochagua Valens

Kamembe, Rusizi
Jumamosi, 9 Machi 2024

Kwako ndugu yangu Valens,

Salamu nyingi zikufikie hapo kitandani ulipo, ila zimpitie kwanza mama yako Mukarugwiza, maana najua ndiye atakayeipokea bahasha hii mlangoni. Mguu unaendeleaje? Kidonda kimekauka? Unapata usingizi, au vile vyuma walivyokutia bado vinakusumbua kama ulivyoniandikia? Sisi huku kwa mwili hatujambo. Shadia ameng'oka jino la mbele na sasa anajiona mtu mzima. Mama yake anakusalimu. Mvua inatupiga kila mchana, na turubai la kibanda changu limeanza kuchanika. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu huko kwenu Bweyeye simu hukamata mtandao inapopenda, na pia, nisikufiche, mara tatu nimekupigia nikakata kabla hujapokea.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dada yako Tuyishime, pamoja na chupa ya asali kutoka kwa mama. Umeniomba radhi. Umeandika kwamba kiburi kilikuziba masikio, kwamba mimi nilikuonya juu ya zile breki ukanicheka, na kwamba hakuna wa kulaumiwa ila wewe mwenyewe. Mama naye amenishukuru kwa kukupenda kiasi cha kukuambia ukweli. Nimeisoma mara moja tu. Asali sijaifungua.

Sasa nikujibu, na uniache nianzie mbali, maana nina uchungu na sitaki kuuruka.

Unazikumbuka siku tulipokuwa tukishusha ndizi kutoka Gitambi hadi soko la Kamembe, kila mmoja na baiskeli yake ya chuma, na breki yetu ni soli ya kandambili tuliyoikandamiza kwenye tairi kwa kisigino? Tulikuwa sawa. Baadaye mimi nikarithi kibanda cha marehemu baba nikawa fundi, wewe ukapata kazi kwa Gratien, kuwatembeza wageni kwa baiskeli za milimani kutoka nyumba yake ya wageni pale Cyangugu. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Lakini Gratien alipokupeleka Kigali majuma mawili kujifunza, ulirudi na mdomo mwingine. Hukuweza tena kusema sentensi tatu bila kutia pistoni ndani yake.

Halafu ikaja siku ile Gratien alipotaka kununua breki mpya za diski kwa baiskeli zake sita, akatuita sote wawili tumshauri. Mimi nilisema achukue za kebo, ule waya wa kuvuta. Kebo ikikatika hata Bweyeye unapata nyingine, unakaza kwa koleo, safari inaendelea. Wewe ukasema kebo humchosha mgeni vidole kwenye mteremko mrefu, na ikiingia matope inakwama. Ukataka breki za mafuta, zenye pistoni nne kila gurudumu. Ukataka diski, ile sahani ya chuma ya kwenye gurudumu, iwe pana mbele, milimita mia mbili na tatu, na ya nyuma ndogo kidogo, kwa sababu diski pana inapoa upesi na inashika kwa nguvu. Plaketi, vile vibao vinavyoibana diski, ukataka ziwe za chembe za chuma, zistahimili mvua yetu. Hata mafuta ya ndani uliyachagua, yale ya madini, yasiyonyonya unyevu. Ulieleza vizuri. Hilo ndilo lililoniuma. Ungeeleza vibaya ningekusamehe siku ileile.

Gratien akanigeukia mbele ya watu akaniuliza nina lipi la kujibu. Nikasema tu kwamba mteremko wa Gitambi hauijui Kigali. Watu wakacheka, na wewe ukawazidi wote, ukasema kwa sauti: “Papa Shadia ye angali anafunga freni na soli ya kandambili!” Ulinipiga begani uliposema hivyo, na mimi nikacheka pamoja nanyi. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimenuna, mama Shadia akaniuliza nani kafa.

Breki zako zikanunuliwa, nawe ukafunga za namna hiyohiyo kwenye baiskeli yako mwenyewe. Kwa miezi minne sikuzisikia kasoro, na nilikuwa nikitega sikio, nakwambia. Siku moja Gratien aliniletea baiskeli mojawapo niizibe pancha. Nilipomaliza nikaipanda peke yangu nyuma ya msikiti, nikavuta breki kwa kidole kimoja, gurudumu likasimama papo hapo. Sikumwambia mtu. Nilirudi nikakaa kwenye kigoda changu nikaendelea kuzisema vibaya.

Alhamisi ile uliniletea baiskeli yako, spoki mbili za nyuma zimekatika, na asubuhi yake mna safari. Ulikuwa na haraka. Uliniambia neno moja kabla hujaondoka, nitalirudia. Jioni ukaja kuichukua, ikapakiwa kwenye pikapu pamoja na zile nyingine, na Ijumaa ikashushwa juu ya mteremko wa Gitambi bila kukanyagwa hata hatua mia. Wewe ulitangulia kama kawaida ya kiongozi. Kilichofuata unakijua kuliko mimi: kona, ukingo wa barabara, na shamba la mihogo kule chini. Wageni wako wanne hawakupata hata mchubuko. Breki zao, ndugu za hiyo yako, zilisimama palepale juu ya kona. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Waliyojiuliza mjini ni mengine. Wakasema mafuta yamechemka ndani, ndiyo tabia ya breki za mafuta, fundi Mudathiru alisema, yaani mimi. Kibanda kikajaa. Watu ambao miaka yote walipita bila kunisalimu wakaja kunipa mkono, na kila mmoja ananitolea methali ileile kana kwamba ameitunga yeye: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wanacheka. Na mimi, Valens, nilicheka nao siku mbili za kwanza. Gratien alikufuta kazi, akasema: “Muntu mwenye kuchagula freni mubaya, atachagulia bageni njia muzuri namna gani?” Kisha akaniletea baiskeli zake zote nizing'oe breki zako niweke za kebo. Nilizipokea.

Ndipo ikaja barua yako. Umeandika humo kwamba mkono wa breki ulikuwa mgumu kama jiwe, unavuta kwa nguvu zako zote, na gurudumu linateleza tu. Kumbe hujui ulichoandika. Ni wewe uliyenifundisha, siku uliporudi kutoka Kigali ukaninyima raha mchana kutwa: mafuta yakichemka ndani, mkono unalegea mpaka unagusa usukani. Mkono ukiwa mgumu na diski haishikiki, basi diski imepakwa mafuta. Ungejua mwenyewe dakika ileile, kama si maumivu, na kama usingekuwa unaniamini.

Ni mimi niliyeipaka.

Wewe unaujua mwiko wa kibanda chetu. Baiskeli haitoki mikononi mwetu bila kung'arishwa. Baba alikuwa na kitambaa chake, mafuta ya cherehani na mafuta ya taa kidogo, anakipitisha kila penye chuma, na mteja anaondoka anajiona bwana harusi. Ningeweza kukwambia ni mazoea, mkono ulijisahau. Ungekubali, na Gratien angekubali, na tungelia pamoja tukasahau. Nimeiandika barua hiyo ya uongo mara mbili na kuichana.

Neno uliloniambia ile Alhamisi, mbele ya wateja wangu wawili, umeninyooshea kidole, ni hili: nisiipitishie diski kile kitambaa, hata tone. Nililisikia. Nilipomaliza spoki nikaanza kung'arisha, fremu, mnyororo, usukani, na nilipofika kwenye diski nikalikumbuka. Mkono ukasimama. Nikasema moyoni, kwani diski ya Valens ni mwali, isiguswe? Nikaipitisha, mbele na nyuma, pande zote mbili. Nilitaka breki zipige kelele mbele ya wageni wako. Nilitaka uaibike kidogo, urudi kibandani uniulize, Papa Shadia, kuna nini hapa. Kuanguka sikukutaka. Lakini mimi ni fundi, baba yangu alikuwa fundi, najua breki ni kitu gani kwa mtu anayeshuka Gitambi.

Na baiskeli yako ilipoletwa kwangu imepinda, nilizifuta diski kwa spiriti kabla Gratien hajafika kuzitazama. Plaketi nikazitoa nikazificha kwenye kopo la gololi za baiskeli. Hilo nalo ujue.

Jana baada ya swala nimekwenda Cyangugu. Nilimpa Gratien zile plaketi mkononi, nikamwambia anuse. Bado zinanuka mafuta ya cherehani. Nikamweleza kama nilivyokueleza. Alizinusa, kisha akasema tu, “Na miye nikafukuza muntu.” Hakunitukana. Jioni akatuma pikapu, akachukua baiskeli zake zote, breki ulizochagua zikiwa bado ndani yake, na hazitang'olewa. Ameniahidi atakuandikia. Kuhusu kazi yako sikudanganyi: amesema kiongozi anahitaji miguu miwili na atafikiri. Kwa hiyo jina lako nimelirudisha, sehemu yake. Mji umeshasikia, na leo tangu asubuhi nimeziba pancha moja tu.

Tuyishime amenidokeza kwamba unataka kuiuza baiskeli yako kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu breki zake ni mbovu. Usiiuze. Breki ni nzima. Nunua plaketi mpya tu, hizo za zamani hata uzioshe vipi usiziamini tena. Uzifute diski kwa spiriti na kitambaa kipya, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usimpe fundi yeyote aliye na tabia yangu.

Mwezi ukiandama kesho, keshokutwa tunafunga. Kwetu watu huombana radhi kabla ya Ramadhani, na wewe Mkristo umenitangulia kwa kosa lisilo lako. Nimeona haya mbele ya Mungu na mbele yako. Radhi nakuomba, lakini usinijibu kwa haraka, wala usinijibu kwa huruma. Chukua muda wako. Ukikaa kimya nitaelewa kimya chako.

Jambo la mwisho. Mama yako hasomi, najua barua zangu zote wewe ndiye humsomea kwa sauti, na najua moyo wako ulivyo. Ukifika pale palipoandikwa ni nani aliyeipaka diski mafuta, utataka kuruka. Usiruke, Valens. Msomee yote, na umtajie jina langu.

Nisalimie jirani zenu wote wanaokuja kukutazama, na Mungu akuondolee maumivu.

Ni mimi,
Mudathiru, Papa Shadia