Blanketi la Harusi na Diski Mpya

Jumamosi, Juni. Upepo umevuma tangu asubuhi, bati la nyumba yetu hapa Izia linagongagonga, na vidole vyangu vimekufa ganzi. Lakini nina furaha. Nimeoa. Bado kila nikiamka nashangaa.

Mke wangu anaitwa Gaudensia. Natamani kuliandika tena. Gaudensia.

Leo tumebadilisha diski ya kompyuta mpakato. Ni ya kwake, ndiyo anayochapia barua na kazi za watu kule Majengo, hatua chache kutoka meza yangu ya samaki, dagaa na migebuka. Imechoka. Ukiiwasha, inakaa inafikiri. Tumeshaizoea: akibonyeza kitufe anabandika chai, tunakaa bega kwa bega, tunakunywa, tunasimuliana ya siku, na vikombe vikikaribia kuisha ndipo inafunguka.

Juzi ikaanza kulia ndani. Tik, tik, tik. Gaudensia akasema hiyo ni diski, na diski ikilia hivyo iko njiani kufa, na ikifa inakwenda na vyote vilivyomo.

Nikamwomba atafute mpya haraka.

Maana humo ndani imo "ndiyo" yake.

Kabla ya ndoa nilikuwa Kasanga, kwenye bandari ya ziwa, nikisimamia mizigo inayopakiwa kwenda Zambia na Kongo. Siku nilipompigia kumwomba awe mke wangu, mtandao ulikatika kabla hajajibu. Akanitumia jibu kwa ujumbe wa sauti. Ulinifikia asubuhi yake, nimesimama katikati ya magunia. Mvua inasikika kwenye bati, jogoo anawika, kisha yeye: "Ndiyo. Ndiyo, wewe mwanaume. Umekula lakini?"

Nilipokuja likizo, aliuhamishia kwenye kompyuta yake pamoja na sauti zetu zote, kwa sababu simu yangu ilikuwa imejaa. Vizuri alifanya hivyo. Niliporudi Kasanga simu ikaniponyoka, ikazama ziwani. Yake ya zamani nayo ilishakufa. Kwa hiyo duniani kote, ile "ndiyo" ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye diski inayolia tik, tik.

Basi leo mchana akaleta diski mpya. Haizunguki, haina mlio, nyepesi kama biskuti. Akaiunganisha kwa waya wa USB na kuwasha programu ya kunakili, ambayo inahamisha kila kitu kama kilivyo, mpaka ile picha yetu ya kanisani iliyoko kwenye skrini. Akaiacha kompyuta juu ya kitanda.

"Nakwenda kusonga ugali. Wewe kaa nayo. Usiguse kitu, mume wangu. Hata kitufe kimoja."

Sikugusa. Nilikaa nikiitazama inavyohangaika peke yake, na upepo unapenya kwenye nyufa za dirisha, nikaionea huruma. Nikachukua lile blanketi zito tulilopewa na shangazi yake siku ya harusi, nikaifunika gubigubi. Kisha nikajilaza pembeni na kuota macho wazi. Niliwaona watoto wetu wamekua, wamekaa mkekani wanamsikiliza mama yao akimwambia baba yao "ndiyo".

Nilipozinduka, mlio haukuwepo.

Nikafunua. Skrini nyeusi.

Gaudensia alikuja mbio na mwiko mkononi. Aliigusa kwa chini, akaurudisha mkono haraka.

"Umeifunika?"

"Baridi," nikasema.

"Jamani! Hiki ni kifaranga?"

Akacheka sana. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Akanieleza kuwa imejizima kwa joto. Kunakili ni kusoma tu, hakuna kilichofutwa kule kwenye diski ya zamani. Tatizo ni kwamba sasa lazima isome yote upya tangu mwanzo, na hajui kama imebakiwa na nguvu hizo.

Tuliiacha ipoe. Tukaihamishia mezani, tukaiinua kwa vitabu viwili ipate hewa chini, akaanza kunakili upya, tukafungua dirisha. Upepo wote wa Ufipa ukaingia ndani. Blanketi tukajifunika sisi.

Sijui tulikaa muda gani. Nilikuwa nanusa moshi wa jiko kwenye nywele zake, nikawaza kwamba kama nitapoteza sauti ile, basi angalau niipoteze nikiwa hapa. Ilipofika asilimia tisini na kitu, ikakwama. Tik, tik. Gaudensia akanibana kidole, akainong'oneza kama anayemhimiza bibi kizee kupanda mlima: "Maliza, bibi. Maliza, umefika."

Ikamaliza.

Akaizima, akatoa betri, akafungua skrubu za mgongoni na kuziweka kwenye kisosi nilichokishika kwa heshima kama mtumikiaji altareni. Akachomoa diski ya zamani, akachomeka mpya pale pale, akafunga, akabonyeza kitufe, na kwa mazoea akainuka kwenda kubandika chai.

Hakufika mlangoni. Ilikuwa imeshafunguka.

Akarudi, akaitafuta faili, akanitazama, akabonyeza. Mvua. Jogoo. "Ndiyo. Ndiyo, wewe mwanaume. Umekula lakini?"

"Hujala hata leo," akasema yule aliye kando yangu. "Ugali umekuwa jiwe."

Nikalia kidogo. Nikala ugali wa baridi, mtamu kuliko wote.

Diski ya zamani ameifunga kwenye kipande cha khanga na kuilaza ndani ya sanduku lenye shela lake. Amesema bibi apumzike.

Kitu kimoja tu kilinitia huzuni jioni hii: zile dakika zetu za kusubiri zimekwenda wapi? Sikumwambia. Lakini nikiwa naandika haya nasikia sufuria, nasikia anachuja majani, na vikombe ni viwili.

Kesho tukitoka misani nitaiwasha, kisha nitabandika chai mimi mwenyewe. Siku zote tumeisubiri. Sasa nayo itusubiri sisi.