Kivuli cha Ukurasa wa Tisa

Dada,

Huku tu wazima, ila paa la jikoni bado linavuja, na paka wako amenenepa hadi akipanda ngazi anapumzika njiani. Mguu wako je?

Kile kitabu cha watoto nimemaliza kukipaka rangi. Kwenye kompyuta kila kitu kina tabaka lake, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine: watoto tabaka la juu, vivuli vyao tabaka la chini. Ukurasa wa tisa ulikuwa na watoto watano wakicheza uani. Mchapishaji akasema, "Watano wengi mno. Mtoe huyo wa kigauni cha njano." Nikamfuta. Kivuli chake kikabaki ukutani, kimenyoosha mkono.

Kukifuta ni kubofya mara moja tu. Siku tatu kidole kilikataa, nikakiacha kivuli.

Kigauni kile unakijua, dada. Ulimshonea binti yako kwa mkono. Siku aliyotumbukia kisimani nilikwambia nilikuwa jikoni. Hukuniuliza tena, nami nikajitia hamnazo. Sikuwa jikoni. Nilikuwa nimeinamia kompyuta, natia kivuli kwenye nywele za kikaragosi. Aliniita mara mbili, "Mamdogo! Mamdogo!" Nikamjibu bila kugeuka, "Ngoja, mwanangu, namalizia."

Mchapishaji hakuona kitu, kitabu kimeshachapwa. Nakala yako nimeifunga pamoja na barua hii. Ukifika ukurasa wa tisa, usihesabu watoto. Hesabu vivuli.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniamini.