Hita ya Baba Happy

Iringa,
15 Juni 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekuachia kidogo na baridi hii, na kwamba wadogo zangu hapo Mbalizi hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo hayatakupendeza.

Uliambiwa kwamba nilimmwagia Happy maji ya moto kwa hasira. Mama, nilikuwa uani naanika nguo. Mtoto alifungua bomba la bafuni mwenyewe, akaungua mkono. Shangazi hakutaka kunisikiliza. Aliwatangazia majirani kwamba mimi nimezoea kuswaga ng'ombe, mtoto wa watu nitamshikaje. Tangu hapo jina langu ni Mchomaji, na Happy akinikimbilia anavutwa nyuma.

Jana alikuja Bwana Kalinga, anayetaka kuinunua nyumba hii, pamoja na fundi wa kuikagua. Bafuni, fundi alikinga maji ya hita kwenye kikombe, akatumbukiza kipimajoto. Kikasoma nyuzi sabini na nne. Alisema hayo ni ya kunyonyolea kuku, akauliza nani ameiweka hita mwisho kabisa. Shangazi akaninyooshea kidole, akasema ni huyu mshamba, hapiti mahali bila kugusa.

Wakati huohuo mumewe, Baba Happy, alikuwa anaingia kutoka sebuleni. Alisikia swali tu. Akadakia kwa majivuno kwamba ni yeye, tangu baridi ya mwaka jana. Akamwambia Bwana Kalinga asiogope udogo wa tangi, kwa kuwa hapa tunaoga kwa ndoo: makopo mawili ya moto, yaliyobaki ya baridi, na ukoo mzima unaoga. Alicheka peke yake.

Nikasema kwamba basi hayo ndiyo yaliyomchoma Happy. Bwana Kalinga aliutazama mkono wa mtoto, akaaga bila kugusa chai. Fundi alishusha joto, akamfuata.

Shangazi amesema nimemfukuzia mnunuzi, na muhula ukiisha nisirudi kwake. Chakula nakula jikoni, nikiwa nimesimama.

Sasa lililo gumu. Leo asubuhi Baba Happy alilalamika kwamba maji ya moto hayatoshi, akaipandisha hita tena hadi mwisho. Walipokwenda kanisani nikaishusha. Akiipandisha, nitaishusha tena. Kwa hiyo, mama, lile alilonisingizia shangazi, kwamba naigusa hita yao, sasa ni kweli. Wakinikamata sitakana.

Barua hii nimempa Mwalimu Jackline, anakuja Mbeya kwa mazishi na atarudi Alhamisi. Nisalimie wote nyumbani. Tafadhali mpe jibu la swali hili moja: shangazi alipokupigia simu siku ile, ulimwamini?

Mwanao akupendaye,
Eveline