Kwa Babu Rulia Ram: Wanyama Kwanza

Mwaka umezunguka, Babu, tangu utuache asubuhi ile ya baridi, na nyati wako wa maziwa bado anageuza shingo kila mlango wa zizi ukilia. Akiona ni sisi, anarudi kutafuna majani yake. Anatuvumilia tu.

Hapa wilayani Kangra watu walikujua kama askari wa vita kuu ya pili, uliyepanda milima ya Italia na nyumbu wa mizigo wa jeshi. Sisi wa nyumbani tulikujua kama mzee asiyeruhusu mtu aonje chai kabla mnyama hajanywa maji. Ndiyo iliyokuwa amri ya kikosi chenu: nyumbu kwanza, mtu baadaye. Vita viliisha, amri haikuisha. Bibi alizoea kusema yeye ni mke mdogo, mke mkubwa yuko zizini.

Nishani zako hukuzivaa hata siku moja. Kila sikukuu ya Diwali ulimvisha nyati, na ofisa wa wilaya alipokuja kukupa heshima ilibidi umpeleke zizini akazione. Akacheka. Ukamwambia, "Hizi ni za Chandi, nyumbu wangu. Yeye ndiye aliyebeba maji na risasi mpaka akaanguka njiani. Mimi nilishika kamba tu." Hakucheka tena.

Lakini Babu, siku ya harusi yangu nusura uniue kwa presha!

Kuhani alikuwa ameshatupangia saa njema ya ndoa, na msafara wa bwana harusi ulichelewa kwa sababu wapiga ngoma walicheza kila kona. Mimi niko ndani, nimevishwa mekundu, jasho linanitoka. Saa ile ikipita, ndoa hakuna, na binti ambaye msafara umegeuzia mlangoni kwake nani atamtaka tena? Wenzako wangewapokea wakwe kwa mashada ya maua. Wewe ukatoka na ndoo. Ukampita baba mkwe, mikono yake imenyooshwa kukukumbatia, ukaenda moja kwa moja kwa farasi aliyembeba bwana harusi.

"Teremka, kijana," ukasema. "Mnyama ana kiu. Kwangu haingii mtu kabla hajanywa."

Baba mkwe alifura. Akasema hakuja kudharauliwa kwa ajili ya farasi wa kukodi, na kama ndiyo desturi yetu, basi wao wanarudi kwao. Kuhani akatazama saa yake. Mama akashika kichwa. Wewe umesimama na ndoo yako, humtazami mtu.

Ndipo Parshotam, bwana harusi ambaye sikuwahi kumwona uso, akateremka. Akasogeza maua yaliyomfunika macho, akalegeza kwanza mkanda wa tandiko, kisha akakupokea ndoo. Farasi naye akanywa bila haraka, utadhani harusi ni yake. Nilichungulia dirishani nikamwona mume wangu kwa mara ya kwanza, kalowa hadi magotini. Nikampenda palepale, sioni haya kusema.

Ukamgeukia baba mkwe. "Mwanao kalelewa. Karibuni." Kuhani alisoma maombi mbio mbio, tukaiwahi saa.

Siku yako ya mwisho tulikizunguka kitanda, kila mmoja akingoja wosia. Ukafumbua macho ukauliza, "Wamekunywa?" Parshotam hakuwepo chumbani, na shangazi alikuwa ameshaanza kumsema. Kisha tukasikia ndoo ikigonga sakafu ya zizi. Wewe uliisikia kabla yetu. Ukatabasamu, ukafumba macho.

Unakumbukwa na mkeo Shankari Devi, ambaye siku hizi ndiye anayemsemesha mke mwenzake kila jioni. Na mwanao Gorakh. Na dada yako Lajwanti. Na mimi mjukuu wako Bimla, mume wangu Parshotam na vitukuu. Leo kuhani amekuja kukuombea, na amengojeshwa chai yake mpaka nyati alipokunywa.

Kila tujazapo ndoo tutakukumbuka, Babu. Daima.