Jipu Lisilotoa Usaha

Kamwene, kaka Eliya.

Kama huko mnaamkiana, nijibu taratibu, maana nimekuja na maneno niliyoyakalia tangu tulipokuzika.

Unakumbuka ulivyonikalia mgongoni nyuma ya jiko la mama, Njombe, mimi nina miaka saba na jipu limevimba pajani kama kiazi? Nilikung'ata mkono mpaka damu. Ukanizaba kofi, ukaendelea kukamua. "Lia tu, likitoka utanishukuru." Likatoka. Jioni nilikuwa nakimbia, na kuanzia siku hiyo nikakuamini kuliko zahanati. Ndivyo tulivyokua: jipu linakandwa kwa maji ya moto, linasubiriwa liive, linakamuliwa, maisha yanaendelea.

Basi uliporudi kwako Makambako baada ya mzunguko wa tatu wa dawa za saratani ya damu, nywele zote zimekwisha, nilitoka kwangu mtaa wa Ramadhani, Njombe, kuja kumsaidia mkeo, wifi Rehema. Siku ya pili ulinionyesha uvimbe mdogo pajani. Ulikuwa unatetemeka. Nikasema ni baridi ya Juni, nikakusogezea jiko la mkaa.

Wifi alisimama mlangoni na karatasi ya hospitali mkononi. "Wifi, daktari alisema homa yoyote, uvimbe wowote, saa hiyohiyo tuondoke. Tumpeleke Njombe leo."

"Kwa jipu?" nikamjibu. "Unataka kumtesa mtu barabarani kwa jipu?"

Wewe ulicheka. Ukamwambia, "Mwache alipize kisasi chake cha nyuma ya jiko."

Nikakamua. Ulipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima, ukanipiga teke la kifua nikaanguka. Hakikutoka kitu ila tone la maji yenye damu. "Halijaiva," nikasema kama mtaalamu. Kesho yake nikalitoboa kwa sindano niliyoichemsha, nikakamua tena. Wifi alinishika mkono akilia, nikamsukuma akajigonga kwenye kabati. Asubuhi iliyofuata ngozi iliamka ya zambarau, na kabla ya saa sita ikawa nyeusi. Malengelenge yalipasuka yakinuka, na nilipobonyeza pembeni nyama ilitoa mlio kama majani makavu chini ya vidole vyangu. Ukaanza kuniita mama. Hapo ndipo nilipotafuta gari.

Njombe hawakusubiri kitu. Walikata nyama iliyokufa mpaka karibu na nyonga, kesho yake wakakata tena, na bado ule weusi ulikuwa mbele ya kisu. Daktari, binti mdogo tu mwenye macho yaliyochoka, alinieleza kwenye korido bila kunikemea. Usaha unatokana na chembe nyeupe za damu, na dawa zako zilikuwa zimezimaliza, mbaya pamoja na nzuri. "Hilo lisingeiva hata mngesubiri mwaka mzima, dada," alisema. "Na kila lilipokamuliwa, wadudu walizidi kusambaa." Ulifariki siku hiyo ya upasuaji wa pili, kabla ya chakula cha mchana.

Na mimi nikafanya nini, kaka? Wifi alipoinama kaburini na udongo mkononi, watu wote wakitazama, nilimpiga makofi mawili ya uso, udongo ukamwagika kwenye khanga yake. Nikapiga kelele kwamba amekuua kwa kukuchelewesha. Wajomba wakamburuta mpaka barabarani, na ukoo ukamwambia asikanyage tena kwetu. Angeweza kunitaja kwa neno moja. Alinyamaza. Nilimchukia kwa sababu ndiye aliyekuwa amesema kweli, na ndiye pekee aliyeniona nikikamua.

Siku hizi nikimenya viazi naangalia vidole vyangu gumba, nasikia hasira mpaka naacha kisu. Nina hasira na wewe pia, kwa kile kicheko chako. Nakukumbuka sana, halafu nakasirika tena.

Jumamosi hii tunajengea kaburi lako. Nitaisoma barua hii pale, kwa sauti, wajomba wakiwepo. Wakitaka kunipiga, wanipige.

Jana nilikwenda Makambako nikampa wifi kurasa za mwanzo azisome. Nilisimama karibu naye makusudi, mkono wake uufikie uso wangu akitaka kunirudishia makofi. Alizisoma mara mbili, akazikunja, akanirudishia.

"Ukoo umenikataza kuja," alisema.

"Njoo na mimi."

Alijifunga khanga upya. Kisha akasema, "Isome. Mimi nitasimama palepale uliponipigia."

Pumzika, kaka. Radhi yako nitaiomba baada ya yake.

Ni mimi mdogo wako, niliyekamua.