Kipande cha Viazi Kati ya Nyumba Zetu

Mpendwa mke mwenzangu, Nyar Takawiri,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoanzia. Mimi nilikuja kutoka upande wa Migori, Mkuria asiyejua hata kusalimia kwa Kijaluo, na wewe ulikuwa mke mkubwa, binti wa kisiwa cha Takawiri mwenye ulimi mkali. Siku ya kwanza ulinitazama kutoka juu mpaka chini ukauliza, "Huyu atakula samaki kweli?" Nilikula, mwiba ukanikwama kooni, na ni wewe uliyenipiga mgongoni huku ukicheka. Sisemi hatukugombana. Tuligombana sana, lakini kwa sababu ya sufuria na kuni, si kwa sababu ya watoto.

Tangu tulipokuzika pale mbele ya nyumba yako sijakusumbua. Leo nakusumbua kwa sababu naogopa, dada mkubwa. Alhamisi naibu wa chifu anakuja na mzee wa kijiji kuamua kile kipande chetu cha viazi ni cha nani, na mimi ndiye nimeitwa nionyeshe mpaka.

Unakumbuka siku mume wetu alipotugawia mashamba. Ndugu zake walimshauri aandike wosia, naye akawafokea, "Kwani mnataka nife lini?" Akachukua jembe, akaburuta mpini ardhini kutoka bomani hadi njiani: huku kwako, huku kwangu. Mstari ulikwenda kombo. Mimi nikasema umekula kwangu, wewe ukasema umekula kwako, na yeye akatuacha pale akaenda kunywa uji wake. Ni wewe uliyesema, "Basi hapa katikati tuache. Pawe pa mwenye njaa." Tukapanda viazi vitamu, na sharti likawa moja tu: anayechimba arudishe marando ardhini.

Mwaka ule wa jua kali nilikuwa nimemzaa Okoth na sikuweza kuinama. Ulichimba peke yako, ukaniletea beseni hadi mlangoni. "Kula," ukasema, "maziwa hayatoki kwa hewa." Otieno wako alikuwa ndio anaanza shule, na akitoka darasani alimbeba Okoth mgongoni mpaka mtoto akadhani huyo ndiye mama yake. Wote wawili walikula viazi vya pale bila kuuliza vya nani. Tulijivunia hilo, mimi na wewe. Tukakubaliana tusitaje mpaka mbele yao kamwe, wasije wakajifunza kusema kwetu na kwenu. Kumbe tulikuwa tunawawekea ugomvi akiba.

Sasa lami imefika, Nyar Takawiri. Ile njia ya ng'ombe ndiyo barabara ya kwenda Ndhiwa, na kipande chetu ndicho kinachoigusa. Kuna mtu kutoka Homa Bay mjini anataka kukinunua ajenge maduka. Tangu alipokuja na gari lake, watoto wetu hawasalimiani.

Watu wanaulizana kwa nini siku hizi kila boma lina kesi ya urithi. Matangani, udongo haujakauka, mtu ananong'ona hati iko wapi. Wengine wanalaumu tamaa ya vijana. Wengine wanalaumu sheria iliyowapa mabinti haki, na hao mimi huwaambia wanyamaze, maana binti naye alizaliwa na tumbo lile lile. Mimi naona hivi: zamani ukikosa shamba hapa ulihamia kule, na sasa kule kuna mtu. Ardhi imepungua, bei imepanda, na wazee wetu waliogopa wosia kama vile kalamu ndiyo inayoua. Maneno yao yalibaki vichwani mwa watu, na watu hao tunawazika kila mwezi. Mpaka wetu sasa unakaa katika kichwa kimoja, hiki changu, chenye presha.

Okoth alikuja juzi akavuta kiti karibu nami. "Mum, wewe sema tu hiyo shamba ni yetu yote. Nani atabisha? Wenye walikuwa hapo wote walishakufa."

Nikamuuliza, "Na mimi nimekufa?" Akatazama simu yake.

Usifikiri wako ni malaika. Otieno amepanda mkonge wa mpaka, ukapita kipande chetu hadi ukingoni mwa shamba langu, kisha akaniletea sukari. "Mama mdogo," akaniambia kwa upole ule wake, "mama yangu ndio alikuwa mkubwa hapa. Unajua vile inafaa kuenda." Sukari ile bado iko mezani, sijaifungua.

Jana asubuhi Okoth alikuwa ananoa panga. Najua alikuwa anakwenda kukata nyasi za ng'ombe, ananoa kila siku, lakini nilisimama dirishani mpaka aliporudi, na kila mbwa alipobweka nilichungulia njiani. Daktari ananiambia nisiwaze. Nisiwaze vipi? Usingizi siupati, na nikiupata naota nimesimama shambani naulizwa mpaka uko wapi, nami nimesahau. Naogopa kusema, na naogopa zaidi kufa kabla sijasema.

Nimeshaamua. Nitawaambia kipande kile si cha Okoth wala si cha Otieno, ni cha nyumba zote mbili, na hakuna atakayekiuza bila mwenzake. Nilimdokezea Okoth, nikidhani atanielewa. Akasema, "Ukisema hivyo, ujue utakula kwa nani." Mwanangu wa kumzaa, Nyar Takawiri. Kwa Otieno nako sitakaribishwa, maana naye nitakuwa nimemnyima. Nimelia, sikufichi. Nimelea wana wawili, na huenda Alhamisi jioni nisiwe na jiko hata moja la kuniita.

Leo nilikwenda kupaangalia. Marando yamefunika ardhi yote, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuchimba tangu ugomvi uanze. Kila mmoja anaogopa jicho la mwenzake. Nimerudi nikaliegemeza jembe langu mlangoni. Wakinifungia majiko yote mawili, nitakwenda pale katikati, nichimbe wakiniona, na nitarudisha marando ardhini. Tulisema pawe pa mwenye njaa. Basi mwenye njaa nitakuwa mimi.

Pumzika, dada mkubwa, na ukiweza niombee ulimi usinitetemeke.

Ni mimi,
mke mwenzako mdogo